Kwanza kwa Wajukuu: Uchambuzi wa Kisa cha Hadithi ya Nyangumi ya Wanoongar

Mwaka 1931, katika eneo la Albany kwenye pwani ya kusini ya jimbo la Australia Magharibi, Mnoongar, mmoja wa wenyeji asilia wa huko, aitwaye Freddie Winmer alimsimulia kijana wa Kimarekani hadithi ya mtu aliyeingia ndani ya nyangumi. Kijana huyo, Gerhardt Laves, alikuwa mwanaisimu. Aliinukuu hadithi kwa Kinoongar chenyewe, kwa alama za matamshi, kisha akaenda zake na karatasi zake. Mwaka 2011 hadithi hiyohiyo ilitoka ikiwa kitabu cha picha cha watoto kiitwacho Mamang, jina la nyangumi kwa lugha hiyo.

Kisa ninachokichambua hapa kimo katika miaka themanini iliyopita katikati, hasa ile michache ya mwisho, pale watu wa ukoo wa msimulizi walipozipata karatasi na kuamua la kufanya nazo. Anayetaka kuwafundisha watoto wadogo lugha inayofifia kwa kawaida huanza na vifaa: kadi za picha, wimbo wa salamu, bango la kubandika ukutani. Hawa walianza kwingine. Waliuliza hadithi ni ya nani, na nani aisikie kabla ya wengine wote. Naamini uamuzi huo mmoja, wa kupanga nani anatangulia, ndio ulioifanya hadithi ifae kusimuliwa kwa watoto wa miaka mitano bila kuwa pambo la darasa. Ndiyo maana nimeuandika kwa kirefu, kwa ajili ya walimu na walezi wanaofanya kazi kama hii popote walipo.

Nchi na jeraha lake

Wanoongar ni wenyeji wa kusini magharibi mwa Australia. Nchi yao, wanayoiita boodja, inaanzia kaskazini mwa Perth, inashuka na pwani ya Bahari ya Hindi, inapinda kwenye ncha ya bara na kufuata bahari ya kusini hadi Esperance. Ni eneo la takriban kilomita za mraba 200,000. Kwa kawaida hutajwa makundi 14 ya lahaja, na watu wapatao 30,000. Mwaka wao una majira sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba na Kambarang, kila moja na maua yake, upepo wake na chakula chake. Wanajeshi wa Kiingereza walifika Albany mwishoni mwa 1826, na koloni la Perth likaanza mwaka 1829.

Idadi ya watu isikupotoshe. Wanoongar wengi leo lugha yao ya kwanza ni Kiingereza. Wanaoweza kuzungumza Kinoongar kuanzia asubuhi hadi jioni ni wachache mno, na wengi zaidi wanayo maneno, misemo na majina ya jamaa waliyoyabakiza wazee ndani ya Kiingereza chao. Hali hiyo haikuja yenyewe.

Sheria ya Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia kwa jumla, ya mwaka 1905 ilimfanya ofisa mmoja wa serikali, aliyepewa cheo cha Mlinzi Mkuu, kuwa mlezi wa kisheria wa kila mtoto wa Kiaborijini katika jimbo zima hadi atimize miaka 16. Mama hakuwa na kauli. A. O. Neville aliishika kazi hiyo kuanzia 1915 hadi 1940, ingawa jina la cheo lilibadilika mwaka 1936, na chini yake watoto wengi walipelekwa katika makazi ya serikali kama Carrolup, karibu na Katanning, na Moore River, kaskazini mwa Perth. Kule Moore River watoto walilazwa mabwenini na kufungiwa usiku, hata wale ambao wazazi wao walikuwa kambini hukohuko. Tangu 1927 hadi 1954 katikati ya jiji la Perth palikuwa eneo ambalo Mwaborijini hakuruhusiwa kuingia bila kibali.

Huwa tunasema lugha "ilipotea", kana kwamba ilianguka njiani. Ukiyatazama mabweni unaona ilivyofanyika. Hadithi ya watoto ina saa yake, usiku, na ina msimulizi wake, bibi au babu. Ukimwondoa mtoto mahali hapo saa hiyo kila siku kwa miaka kumi, huhitaji kupiga marufuku neno hata moja. Na wazazi waliobaki na watoto wao walikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza, kwa kuwa mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya nyumbani alijulisha watu yeye ni nani. Wengi waliacha kuwasemesha watoto kwa kuwapenda. Jambo hili linanigusa kila ninapolisoma, na nadhani mwalimu yeyote anayetaka kuingia na Kinoongar darasani ni lazima alijue kwanza. Bibi wa Kinoongar anayesita kumfundisha mjukuu hajapuuza urithi wake. Anakumbuka.

Kwa Wawirlomin, ukoo unaohusika na kisa hiki, kuna jambo jingine tena. Nchi yao ni ile pwani ya kati ya Albany na Esperance, upande wa Bremer Bay, Hopetoun na Ravensthorpe. Mwaka 1880 mlowezi aitwaye John Dunn aliuawa mahali paitwapo Cocanarup, karibu na Ravensthorpe, na kisasi kilichofuata kiliua Wanoongar wengi. Kwa vizazi kadhaa familia zilipita eneo hilo bila kusimama. Mnara wa kumbukumbu ulifunguliwa hapo mwaka 2015 tu. Kwa hiyo hata swali dogo ambalo mtoto huuliza baada ya hadithi, "Hapo mahali pako wapi?", lilikuwa na jibu zito.

Karatasi zilivyorudi

Laves hakuzichapisha kumbukumbu zake. Aliacha kazi ya taaluma, akarudi kwao, na karatasi zikakaa mikononi mwa familia yake hadi miaka ya 1980. Kutoka huko zilifika Canberra, kwenye taasisi ya taifa ya masomo ya Wenyeji Asilia, AIATSIS. Ndani yake mlikuwa na hadithi, maelezo ya jamaa na maneno mengi kutoka kwa watu wenye majina: Freddie Winmer, George Nelly, Bob Roberts na wengine. Majina hayo ndiyo yaliyoiokoa kazi hii. Wakusanyaji wengi wa zama zile waliandika "mzee mmoja alisema" na kuishia hapo. Laves aliandika nani alisema nini, na watu wale walikuwa na watoto, wajukuu na vitukuu waliokuwa wakiishi Albany na miji ya jirani bila kujua kwamba maneno ya wazee wao yamo ndani ya masanduku upande wa pili wa bara.

Hapo ndipo njia mbili zilikuwa wazi. Njia ya kwanza ni ile iliyozoeleka: mtafiti anasoma, anachapa makala, anatoa kamusi, shule inapewa nakala, na familia inaisikia hadithi yake kutoka kwa mtoto aliyeifunzwa na mwalimu mgeni. Hakuna aliyekusudia ubaya, lakini matokeo yake ni kwamba mjukuu wa msimulizi anajifunza urithi wake kama mgeni, na mara nyingi nyuma ya wenzake.

Njia ya pili ndiyo iliyofuatwa. Wanaisimu wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, akiwemo John Henderson, walikaa na familia za Kinoongar wakatengeneza makubaliano kuhusu karatasi hizo, yakitambua haki ya wazao wa wasimulizi juu ya yale waliyoyasimulia. Katika familia hizo alikuwamo Kim Scott, mwandishi wa riwaya wa Kinoongar ambaye jina lake tayari lilikuwa kubwa nchini Australia. Alikuwa ameandika kitabu cha historia ya familia pamoja na mzee wake Hazel Brown, kilichotoka mwaka 2005. Kutoka kwenye mzunguko huo wa ndugu ulizaliwa Mradi wa Lugha na Hadithi za Kinoongar wa Wirlomin.

Utaratibu wao, kama Scott alivyoueleza mara nyingi kwa maandishi, ulikuwa wa miduara inayopanuka. Kwanza walikutana wao kwa wao huko Albany, wazee na watu wazima wa familia zile, na kila hadithi ikakabidhiwa kwa wazao wa aliyeisimulia. Waliisoma pamoja kwa sauti. Maandishi ya Laves si rahisi. Ana alama za kitaalamu ambazo mtu wa kawaida hazisomi, na wazee walikuwa na sauti za lugha masikioni lakini hawakuwahi kuiona hadithi hii ikiwa imeandikwa. Mmoja aliweza kusoma asichokisikia vizuri, mwingine aliweza kusikia asichoweza kusoma. Hadithi ilirudi kwa kuunganisha watu hao wawili mezani. Palipokuwa na pengo, mzee alikumbuka namna baba yake alivyokuwa akilisema neno, na maandishi yakasahihishwa kwa sikio.

Kisha wakatengeneza vijitabu vya kawaida, vya kugawana ndani ya familia. Wachoraji walitoka humohumo. Katika Mamang michoro ni ya Jeffrey Farmer, Helen Nelly na Roma Winmer, na Scott aliiandika upya pamoja na Iris Woods na mradi wote. Soma tena majina hayo ya ukoo, halafu rudi kwenye orodha ya waliosimulia mwaka 1931: Winmer yumo, Nelly yumo. Katika kitabu cha pili cha mwaka huohuo, kilichotokana na hadithi ya Bob Roberts, mwandishi mwenza ni Lomas Roberts. Hii haikutokea kwa bahati. Ndivyo mradi ulivyopangwa.

Baada ya familia kuridhika ndipo walipotoka. Kikundi cha ndugu, wakubwa kwa wadogo, kilizunguka shule za pwani ile ya kusini kikisimulia. Uchapishaji wa kitabu ulikuwa mduara wa mbali zaidi, na ulifanyika baada ya wenye hadithi kukubali kwamba sasa watu wote waisome.

Mbele ya watoto

Hadithi yenyewe, kwa ufupi: mwanamume anafika ufukweni, anamwona nyangumi, anamrukia mgongoni na kuingia ndani kupitia tundu la kupumulia. Humo anaushika moyo wa nyangumi na kuimba wimbo aliofundishwa na baba yake. Nyangumi anazama na kuibuka, anakwenda naye mbali, mpaka anakwama kwenye ufuko wa nchi ngeni. Mtu yule anatoka, anakutana na wenyeji, na baadaye sana anarudi kwao akiwa na familia.

Mwalimu wa chekechea akiisoma mara moja tu anaona kwa nini watoto wanaikamata. Ina giza, ina hatari, ina safari, na katikati yake kuna wimbo. Wimbo ndio mlango wa mtoto asiyejua lugha. Hahitaji kuelewa sentensi ndefu za masimulizi. Inatosha aujue wimbo, angoje unaporudi, na auimbe na wengine mtu yule anaposhika moyo. Katika umri wa miaka minne au mitano mtoto hujifunza lugha kwa kurudia na kwa mwili, na hadithi hii inampa vyote: kuruka, kuingia, kukumbatia, kuzama, kuibuka. Ukiwapanga watoto kwenye duara na kuwaacha wazame na kuibuka na nyangumi, vitenzi vya Kinoongar vinaingia bila kutafsiriwa.

Jambo la pili ni kwamba wimbo ule mtu aliupata kwa baba yake. Sijui hadithi nyingi za watoto ambamo kinachomwokoa shujaa ni kitu alichofundishwa nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Nguvu si yake, wala ujanja wake. Aliyepanga kuirudisha hadithi hii miongoni mwa za kwanza, kati ya zote zilizokuwamo kwenye karatasi, alikuwa na jicho kali. Mtoto wa Kinoongar anayeisikia kutoka kwa shangazi yake, mbele ya darasa lenye watoto wengi wasio Wanoongar, anaona kwa macho yake kile hadithi inachokisema.

Na nyangumi hawa wapo. Kila mwaka, katika majira ya Makuru na Djilba, ambayo ni miezi ya baridi huko, nyangumi wa kusini huja kuzaa kwenye ghuba tulivu za pwani hiyo, na watu husimama Point Ann na Bremer Bay kuwatazama. Walikuwa wameuawa karibu kuisha. Wavuvi wa nyangumi wa Kimarekani na Kifaransa walikuwa wakiwinda katika bahari hiyo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19, na kituo cha mwisho cha kuvua nyangumi Australia nzima, Cheynes Beach, kilikuwa hapohapo Albany, kikafungwa mwaka 1978. Kwa hiyo mtoto wa Albany anayesikia hadithi asubuhi anaweza kupelekwa wikendi akamwona mnyama mwenyewe akipumua majini. Hakuna kadi ya picha inayoweza kufanya hivyo.

Kitabu kimetengenezwa kwa akili kwa ajili ya kusomwa kwa sauti. Kinoongar kinatangulia. Kisha kuna Kiingereza cha neno kwa neno, kinachoonyesha mpangilio wa Kinoongar ulivyo, na kuna Kiingereza cha masimulizi ya kawaida. Tabaka lile la kati mwanzoni nililidharau, nikidhani ni la wanaisimu. Kumbe ndilo linalomsaidia mzazi wa Kinoongar asiyejua lugha: anaweza kuweka kidole chini ya neno akajua anasema nini hasa, badala ya kukariri sauti tupu mbele ya mwanawe. Mzazi anayejifunza ukurasa mmoja mbele ya mtoto ndiye msomaji mkuu wa kitabu kama hiki. Vitabu vingi vya kufufua lugha vinamsahau kabisa.

Kuna jambo ambalo watu huuliza: vipi kuhusu ukali wa hadithi? Mnyama anaumizwa, watu wanakula nyama yake. Baadhi ya walimu wangependa kulainisha. Mimi napinga. Watoto wa pwani yoyote wanajua chakula kinatoka wapi, na nyangumi aliyekwama ufukweni kwa Wanoongar wa zamani alikuwa karamu ya kuwaita jamaa wa mbali. Ukiondoa karamu unaondoa sababu ya watu kukusanyika, na hadithi inabaki ya mtu mmoja na mnyama wake. Kinachofaa kupunguzwa kwa watoto wadogo ni urefu. Maana yake iachwe ilivyo.

Pale panapouma

Utaratibu huu una gharama, na ya kwanza ni mwendo. Vitabu viwili vilitoka 2011, viwili 2013, viwili 2017. Kwa mtu anayehesabu wazee waliobaki, huo ni mwendo wa kutia hofu. Kila mwaka unaopita kabla ya kuchapisha ni mwaka ambao mtoto fulani anaanza shule bila kusikia neno. Nimeipima hoja hii kwa muda mrefu na bado nasimama upande wa Wawirlomin. Kasi ingewezekana tu kwa kuziruka familia, na familia ndizo zinazobaki nyumbani na mtoto baada ya kengele ya mwisho.

Gharama ya pili inawahusu watoto wasio Wanoongar. Ni wengi zaidi darasani, na siku hizi wanahimizwa sana kujifunza mambo ya Waaborijini. Mwongozo wa taifa wa malezi ya watoto wadogo wa Australia, uliotolewa 2009 na kufanyiwa mapitio 2022, sasa unaweka mitazamo ya Waaborijini na ya watu wa visiwa vya Torres Strait miongoni mwa kanuni zake. Vituo vya Perth vinataka Kinoongar. Wengi wanaanza siku kwa "kaya", salamu ya Kinoongar, na nia yao ni njema. Lakini tuseme kituo cha katikati ya jiji, chenye walimu waliosoma na fedha za vitabu, kinawafundisha watoto wake kwa bidii, huku Mnoongar wa mji mdogo wa kusini hana mtu wa kumfundisha mwanawe. Baada ya miaka michache lugha itakuwa na wasemaji wazuri ambao si wake. Miduara ya Wirlomin inalijibu swali hili kwa vitendo: mgeni anakaribishwa, na anakaribishwa baada ya mwenyeji kuketi.

Kwa hiyo mwalimu wa Perth afanye nini na kitabu cha Mamang rafuni? Kwanza ajue kwamba hadithi ni ya pwani ya kusini, na maneno yake ni ya lahaja ya huko. Perth ni nchi ya Wawhadjuk, kundi jingine la Wanoongar, wenye matamshi yao na hadithi zao. Hata tahajia ya jina la watu wenyewe inaandikwa kwa namna kadhaa, Noongar, Nyungar, Nyoongar, na nyuma ya kila tahajia kuna watu wenye sababu. Anaweza kuisoma hadithi, ndivyo wenyewe walivyokusudia walipoichapisha, ila aitaje kwa jina ilikotoka na aliyeisimulia. Kwa mafunzo ya kila siku amtafute mzee au mwalimu wa Kinoongar wa hapo alipo, amlipe, na akubali kwamba mtu huyo ataamua kipi kifundishwe. Kumlipa nakutaja kwa makusudi. Mzee anayealikwa kila mwezi kwa kikombe cha chai na makofi anafanya kazi ya mwalimu bila mshahara wa mwalimu, na hilo haliendani na heshima yote inayotajwa kwenye hotuba.

Afadhali pia aachane na mazoea ya kuanza na hesabu na rangi. Vifaa vya chekechea dunia nzima vinaanza hapo, na lugha zinazofufuliwa zinabanwa ziingie katika mfumo huohuo. Kinoongar cha asili hakikuwa na haja ya kuhesabu hadi kumi. Utajiri wake uko kwenye jamaa, kwenye majira, kwenye mwendo wa wanyama, kwenye majina ya mahali. Mtoto aliyejifunza nani ni nani katika moort yake, yaani jamaa zake, na dalili za Djilba kuingia, ameshika lugha pale ilipo na mizizi. Aliyejifunza rangi saba ameshika Kiingereza kilichovaa maneno ya Kinoongar.

Njia ya Wirlomin haiko peke yake, na sitaki kuifanya kipimo cha zote. Clint Bracknell, mwanamuziki na msomi anayetoka katika ukoo huohuo, amefanya kazi kubwa ya kurudisha nyimbo za pwani ya kusini. Yeye na Kylie Bracknell walikuwamo katika Hecate, tamthilia ya Shakespeare ya Macbeth iliyochezwa yote kwa Kinoongar kwenye tamasha la Perth mwaka 2020. Kwa upande wa watoto, Gina Williams na Guy Ghouse walitunga opera ya Kinoongar ya Koolbardi na Wardong, ndege wawili wa hadithi ya kale, mmoja mwenye manyoya meupe na meusi, mwingine kunguru, iliyochezwa Perth mwaka 2021. Hapo lugha inaanzia jukwaani, mbele ya watu wote, na inarudi nyumbani ikiwa wimbo mdomoni mwa mtoto. Ni njia ya kasi, na furaha yake ni ya kweli. Naona zinahitajiana: jukwaa linamfanya mtoto aione lugha yake kuwa kubwa, na duara la familia linampa mtu wa kuzungumza naye.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kisa hiki hakituachi salama. Wengi wetu tunasoma hapa katika lugha kubwa, yenye redio, bunge na kompyuta, huku bibi zetu wakiwa na Kizigua, Kipare, Kipokomo au Kizaramo ambacho watoto wetu hawakisikii. Hakuna sheria ya 1905 iliyotulazimisha, na siwezi kuyafananisha mateso ya Moore River na uchaguzi wa mzazi wa Tanga. Swali la Wirlomin hata hivyo linafaa kuulizwa hapa: hadithi zilizokusanywa na wamisionari na watafiti, zilizolala kwenye maktaba za Ulaya, zikirudi, atakabidhiwa nani kwanza?

Kilichobaki kupimwa

Vitabu sita havijaleta wasemaji wapya kwa maelfu, na hakuna aliyeahidi hivyo. Mtoto anayesikia Kinoongar kwa dakika ishirini kwa wiki hatakizungumza, hata hadithi iwe nzuri namna gani. Kinachohitajika ni mtu wa nyumbani, kila siku, na mtu huyo kwa sehemu kubwa yuko kwenye kizazi cha wazazi ambacho chenyewe kilinyimwa lugha. Mkataba mkubwa wa ardhi kati ya Wanoongar na serikali ya jimbo, ulioanza kutumika Februari 2021, umeleta mashirika na fedha za kudumu katika mikoa yote ya Kinoongar. Kama sehemu ya fedha hizo itawalipa wazazi vijana wakae na wazee wajifunze lugha, badala ya kuishia kwenye mabango na majina ya barabara, watoto wa chekechea watafaidika kuliko kwa kitabu chochote kipya.

Watoto waliokuwa na miaka mitano wakati Mamang inatoka, mwaka 2011, sasa ni watu wazima, na baadhi yao wataanza kuzaa karibuni. Ningependa sana mtu wa mradi huo, si mimi wala mtafiti mwingine wa nje, awatafute wale wa familia za Winmer, Nelly, Roberts na wenzao, awaulize kama wimbo wa ndani ya nyangumi bado wanao, na kama wanaweza kusimulia hadithi yote bila kitabu.